Maneno ya Ukwaruzo na Ukali: Yaliyotoka katika Kiarabu na Yaliyo Yetu

Utangulizi

Katika kazi ya kufasiri yako maneno yaonekanayo mepesi hata mtu hayatafutii kamusi, na aghalabu hayo ndiyo yapotoshayo maana. Miongoni mwao ni maneno yahusuyo hali ya kitu kukwaruza mkono, kuwa kigumu, au kuwa kikali. Mhandisi hutaka neno la uso wa chuma usiopigwa msasa. Daktari hutaka neno la ngozi iliyopoteza ulaini wake. Mwalimu wa jiografia hutaka neno la nchi ya mawe na makorongo. Hakimu naye hutaka neno la adhabu ipitayo kiasi. Wote wanne, wasipokuwa na hadhari, huishia katika vivumishi viwili tu: ‘-kali’ na ‘-gumu’.

Maadamu sehemu kubwa ya msamiati wetu wa hisia, dini na sheria imetoka katika Kiarabu, huenda mfasiri akadhani kwamba dawa ya upungufu huu ni kurudi katika lugha hiyo na kuchota neno jingine. Katika makala haya tunakusudia kuyachunguza maneno ya Kiarabu ya jamii hii, kuonyesha ni yapi yaliyotufikia na yalitufikia na maana gani, kisha kueleza kwa nini tunaona kwamba, kwa haja nyingi za istilahi, jibu limo katika Kiswahili chenyewe.

Jinsi Kiarabu kinavyoigawa maana

Neno la jumla la Kiarabu kwa kitu kinachokwaruza ni ‘khashin’, na jina la hali hiyo ni ‘khushuna’. Hutumika kwa nguo, kwa mkono wa mtu afanyaye kazi nzito, na kwa maisha yasiyo na anasa. Si neno la lawama daima. Katika habari za wacha Mungu wa kale, nguo ya kukwaruza ni dalili ya kuikana dunia. Na wataalamu wengi hulieleza jina ‘Sufi’ kwa kulihusisha na ‘suf’, yaani sufu, kwa kuwa watu hao walivaa sufu isiyo laini. Lakini neno hilohilo ‘khashin’, likitumiwa kwa mchezo wa mpira, ni la lawama: ni mchezo wa kuumizana.

Neno la pili ni ‘ghalidh’. Asili ya maana yake ni unene, kinyume cha wembamba. Kamba nene ni ghalidh. Katika elimu ya tiba, utumbo mpana huitwa kwa Kiarabu utumbo ‘ghalidh’, na ule mwembamba huitwa ‘daqiq’. Kutokana na unene zimezaliwa maana mbili zisizofanana. Ya kwanza ni ya sifa: katika Kurani (4:21) ahadi ya ndoa imeitwa ‘ghalidh’, yaani ahadi madhubuti. Ya pili ni ya kuogofya: neno hilo hutajwa pia pamoja na adhabu. Wanafunzi wa fikihi katika mwambao wetu wanaufahamu mzizi huu kwa njia ya ‘najisi mughaladha’, yaani najisi nzito, ambayo katika madhehebu ya Shafi ni ya mbwa na nguruwe. Basi mfasiri wa kitabu cha tiba ambaye angeshika maana ya ‘ghalidh’ kuwa ni ‘-gumu’ au ‘-kali’ tu, angemwandikia mwanafunzi ‘utumbo mgumu’, na mwanafunzi angedhani kwamba anasoma habari za ugonjwa.

Lipo pia ‘ahrash’, la kitu kinachoukwaruza mkono. Wanakamusi wa kale walilitumia kwa sarafu ya dhahabu iliyo mpya, ambayo haijalainishwa kwa kupita mikononi mwa watu. Katika mzizi huohuo Waarabu wana kitenzi cha kuwachokoza wanyama hata wapigane, na katika Kiarabu cha leo ‘taharrush’ ni jina la kitendo cha kumsumbua na kumbughudhi mtu, hasa mwanamke.

Kwa tabia ya mtu kuna ‘fadhdh’, yaani mtu mwenye maneno na mwenendo wa kuchukiza. Raghib al-Isfahani, aliyeeleza maneno ya Kurani, anasema kwamba neno hili limeazimwa kutoka katika jina la maji yatolewayo tumboni mwa mnyama, ambayo msafiri wa jangwani hayanywi ila kwa dharura kubwa kabisa. Katika Kurani (3:159) neno hili limewekwa pamoja na ‘ghalidh’ wa moyo, na wafasiri wengi huyatenga: la kwanza kwa ulimi na mwenendo wa nje, la pili kwa moyo wa ndani. Mfasiri atakayetumia ‘mkali’ kwa yote mawili atakuwa ameifanya aya iseme jambo moja mara mbili.

Mwisho kuna ‘qaswa’, ugumu wa jiwe na ugumu wa moyo. Ulinganisho huo umo katika Kurani (2:74), na Waswahili hawana shida ya kuuelewa, kwa kuwa sisi nasi twasema ‘moyo wa jiwe’.

Kutoka ardhini hadi moyoni

Katika karne ya 10 mwanachuoni Ibn Faris, aliyefariki mwaka 1004, alitunga kamusi aliyoiita Maqayis al-Lugha. Kusudi lake lilikuwa kutafuta maana ya msingi iliyo chini ya kila mzizi wa Kiarabu. Kwa msomaji wa Kiswahili, kamusi hiyo ina mambo ya kustaajabisha, kwani maneno tuliyoyazoea kuwa ya moyoni yanaonekana humo yakiwa bado mawe na udongo.

Mfano ulio wazi ni ‘huzuni’. Kiarabu kina ‘huzn’, yaani majonzi, na kina ‘hazn’, yaani ardhi ngumu yenye mawe, isiyopitika kwa urahisi. Ibn Faris anayaweka yote mawili chini ya msingi mmoja wa ukwaruzo na ugumu. Raghib naye anafafanua kwamba ni ukwaruzo wa aina mbili, mmoja katika ardhi na mwingine katika nafsi. Kinyume cha ‘hazn’ ni ‘sahl’, yaani uwanda, ambalo pia ndilo neno la Kiarabu la jambo jepesi. Kiswahili kinalo katika umbo la ‘sahali’.

‘Ghadhabu’ nayo ina habari kama hiyo. Ibn Faris anaupa mzizi wake maana ya nguvu na ukali, anataja kwamba jiwe gumu huitwa kwa neno la mzizi huo, kisha anaeleza kuwa watu wamesema hasira imepata jina lake hapo. ‘Shida’ ni ‘shidda’, kutoka katika kitenzi cha kukaza na kufunga. Walimu wa lugha watakumbuka kwamba ‘shadda’, alama ya kukaza herufi katika maandishi ya Kiarabu, ni ya mzizi huo, na baadhi yetu hulitumia neno hilo kwa mkazo wa silabi. ‘Mashaka’ kwa maana ya taabu ni ‘mashaqqa’, na mzizi wake ni wa kupasua: taabu ni kitu kinachompasua mtu.

Lakini hapa yafaa tuwe na hadhari. Si maneno yote yenye herufi sawa yaliyo ndugu. ‘Mashaka’ tuliyoyataja si ‘mashaka’ yaliyo wingi wa ‘shaka’. Hilo la pili limetoka katika ‘shakk’, mzizi mwingine kabisa, na yamekutana kwetu tu kwa kuwa Kiswahili kimeziunganisha sauti mbili za Kiarabu kuwa ‘k’ moja. Hali kadhalika ‘kazi ya sulubu’, ambayo wengine huiita ‘suluba’, ina asili ya ugumu na nguvu. ‘Kusulubu’ msalabani kunafuata neno ‘salib’, ambalo Kiarabu chenyewe kililipokea kutoka Kiaramu. Mwalimu atakayewaeleza wanafunzi kwamba kazi ya sulubu imeitwa hivyo kwa sababu ya msalaba atakuwa amewapa hadithi nzuri isiyo na msingi.

Maana zilizovuka na zilizobaki

Sasa tuyatazame maneno hayo yalivyo katika Kiswahili. Huzuni, ghadhabu, shida, mashaka: yote manne yamekuwa ya nafsi na ya maisha. Hakuna Mswahili asemaye ‘njia ya huzuni’ akikusudia njia ya mawe, wala afungaye mzigo kwa ‘shida’ akikusudia kuukaza. Maana ya kuguswa kwa mkono ilibaki ng’ambo. Iliyovuka bahari ni ile ya moyoni.

Zaidi ya hayo, maneno haya hayakusimama yalipofikia. ‘Shida’ imeendelea kulegea hata imekuwa haja tu. Mtu aingiapo ofisini akaulizwa, ‘Una shida gani?’, haulizwi habari za dhiki yake. Anaulizwa amefuata nini. Na asemaye ‘Nina shida nawe’ anataka tu kuzungumza. Mzizi wa kukaza hauwezi kumsaidia mtu kuielewa sentensi hiyo. Mzizi hutueleza neno lilikotoka. Matumizi ndiyo hutueleza lilipo.

Jambo hili halihusu Kiarabu peke yake. Neno la Kiingereza la ukwaruzo lilipoingia katika viwanja vyetu vya mpira likawa ‘rafu’. Nalo pia liliacha ngozi yake nje: twasema mchezaji amecheza rafu, lakini hatusemi ubao una rafu.

Kwa upande wa ulaini mambo yamekuwa tofauti kidogo. ‘Laini’, kutoka ‘layyin’, limeingia likiwa zima: kitambaa laini, sauti laini, maneno laini. Limekaa kando ya ‘-ororo’ la Kibantu bila kulifukuza. ‘Rahisi’ limetoka katika mzizi ambao Ibn Faris anaupa maana ya ulaini, nyama laini ikiwa mmojawapo wa mifano yake. Kwa Waarabu ‘rakhis’ ni kitu cha bei ndogo, nasi tumeongeza maana ya wepesi wa kufanyika. Katika mzizi huohuo imo ‘ruhusa’, yaani kulegezewa jambo lililokazwa. Hata ‘dakika’ ni ya jamii hii, kwa kuwa ‘daqiq’ ni kitu chembamba au kilichosagwa, na dakika ni kipande chembamba cha saa. ‘Yabisi’ nalo limekuja na maana yake ya kushikika, ya ukavu na ugumu, na limetufaa katika sayansi. Tunayataja haya ili isidhaniwe kwamba tunaweka kanuni isiyo na tofauti. Hata hivyo ni dhahiri kwamba kwa ukwaruzo wenyewe, yaani ‘khashin’ na wenzake, Kiswahili hakikuazima neno la mkononi. Sababu iliyo karibu ni kwamba nafasi hiyo haikuwa tupu.

Utajiri ulio wetu

Tuanze na kitenzi ‘kusugua’. Ngozi ikisuguliwa kwa muda mrefu, kwa jembe au kwa kiatu, hufanya ‘sugu’, yaani gamba gumu. Kutokana na sugu ya mguuni tumepata ‘ugonjwa sugu’, ambao umekaa hata hausikii dawa, na ‘mhalifu sugu’, ambaye adhabu haimwingii. Katika fizikia tumepata ‘msuguano’ wa vitu viwili vipitanavyo, na katika habari za siasa msuguano wa watu. Hii ni safari ileile ya ‘hazn’ na ‘huzn’, kutoka katika kinachoguswa hadi kisichoguswa. Tofauti ni kwamba kwetu hatua zote zingali zinaonekana. Mtoto wa shule ya msingi anaweza kuoneshwa sugu kiganjani, akaelewa maana ya ugonjwa sugu siku hiyohiyo.

Vivyo hivyo kwa ‘kukwaruza’. Kucha hukwaruza, sauti ya mtu mwenye mafua hukwaruza, na majirani wasiopatana hukwaruzana. ‘Kuparuza’ ni ndugu yake, kwa kitu kipitacho juu ya ngozi kikaacha alama. Kwa vitu vilivyosagwa tuna ‘chenga’, zile punje zilizovunjika zisiwe unga. Kwa ardhi tuna mawemawe, makorongo na changarawe.

Mfano unaotupendeza kuliko yote ni ‘msasa’. Msasa ni mti wenye majani ya kukwaruza, ambayo mafundi waliyatumia kulainishia mbao. Ilipokuja karatasi ya kiwandani ifanyayo kazi hiyo, haikuhitaji jina la kigeni; ilirithi jina la mti. Kisha ‘kupiga msasa’ kukawa ni kuitengeneza kazi ipendeze, na hata kumwongezea mtu ujuzi: walimu hupigwa msasa katika mafunzo. Jina la jani la kukwaruza limekuwa jina la tendo la kulainisha. Hakuna kamati iliyoketi kuamua hivyo. Ni mafundi na wasemaji wenyewe.

Mahali ambapo kosa hudhuru

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni mambo ya wapenzi wa lugha. Tunamwomba atazame sheria. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika kifungu cha 5, linakataza utesaji na adhabu za kikatili, zisizo za kibinadamu au za kudhalilisha. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 13(6)(e) iliyoingizwa pamoja na haki nyingine za msingi mwaka 1984, inakataza mtu kuteswa, kuadhibiwa kinyama, au kupewa adhabu za kumtweza au kumdhalilisha. Itazamwe kwamba katika orodha hiyo hakuna neno ‘kali’.

Nalo halingefaa kuwamo. Adhabu kali yaweza kuwa halali: mahakama huitoa kwa kosa kubwa, na sheria huiwekea kiasi. Adhabu ya kinyama si halali hata ikiwa ya muda mfupi. Neno la kwanza lapima uzito. La pili lataja mpaka usiovukwa. Mfasiri wa hati ya mahakama au ya mkataba wa kimataifa ambaye ataandika ‘adhabu kali’ mahali pa ‘adhabu ya kikatili’ atakuwa amemnyima mshitakiwa neno ambalo lingemkinga. Na atakayefanya kinyume chake atakuwa amemwita hakimu katili kwa kutimiza sheria. Hospitalini vilevile, ‘ugonjwa mkali’ na ‘ugonjwa sugu’ si kitu kimoja: wa kwanza huja kwa ghafula na kwa nguvu, wa pili hukaa. Mgonjwa aliyeambiwa lisilo ataitumia dawa kwa namna isiyo.

Mapendekezo

Kwa kufuata utaratibu tuliouzoea wa kutafuta kwanza katika Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, ndipo tutoke nje, tunapendekeza yafuatayo ili wasomaji wayajadili.

(a) Kwa uso wa kitu kisicho laini, litumike ‘-a kukwaruza’ au ‘-enye kukwaruza’. Kwa jina la hali yenyewe, hasa katika fizikia na ufundi, tunapendekeza ‘ukwaruzo’. ‘Mkwaruzo’ libaki kuwa alama moja iliyoachwa juu ya kitu. Kwa njia hiyo fundi ataweza kusema kwamba ubao una ukwaruzo mwingi lakini hauna mkwaruzo hata mmoja.

(b) Kwa nafaka na vitu vilivyosagwa, litumike ‘-a chenga’, kinyume cha ‘laini’: unga wa chenga, unga laini.

(c) Kwa ardhi, itajwe hali halisi: ya mawemawe, ya makorongo, ya mashimo. Neno moja la jumla halimsaidii mjenzi wa barabara.

(d) Kwa kitu kinene kisichohusu ukali, litumike ‘-nene’ au ‘-pana’ kama ilivyozoeleka, hata kama lugha inayofasiriwa ina neno lenye maana ya ukali pia.

(e) Kwa tabia, ‘ukali’ uwe wa mtu asiyelegeza mambo, ambao huweza kuwa sifa njema kwa mwalimu au msimamizi. ‘Ufidhuli’ uwe wa ulimi usio na heshima. ‘Ukatili’ uwe wa mtu aumizaye bila huruma.

(f) Kwa sheria, ‘-kali’ na ‘-zito’ yatumike kwa kiasi cha adhabu iliyo halali tu. Kwa yaliyokatazwa yatumike ‘utesaji’, ‘-a kikatili’, ‘-a kinyama’ na ‘-a kudhalilisha’, wala yasibadilishane.

(g) Kwa magonjwa, ‘-kali’ na ‘sugu’ yatenganishwe daima.

Hatuoni haja ya kuleta ‘hashini’ au neno jingine lolote kutoka katika mzizi wa ‘khashin’. Si kwa kuwa Kiarabu ni kigeni. Lugha iliyotupa huzuni na ruhusa haiwezi kuitwa ngeni nyumbani mwetu. Ni kwa kuwa neno hilo lingekuja likiwa halina jamaa, lingehitaji maelezo kila linapotajwa, na lingechukua nafasi iliyokwisha kukaliwa.

Hitimisho

Tumeona kwamba Kiarabu chenyewe hakina neno moja la ukwaruzo na ukali, bali kina mengi, kila moja na mpaka wake. Na kwamba yaliyotufikia yalikuja zaidi na maana za moyoni, nasi tukazisogeza zaidi. Mfasiri anayeijua asili ya neno ana faida kubwa, mradi asiifanye asili hiyo kuwa amri. Ajiulize kwanza: je, kinachosemwa kinaguswa, kinapimwa, au kinahisiwa? Jibu likipatikana, neno la Kiswahili halitakuwa mbali.

Orodha yetu haijakamilika. Waseremala, wafinyanzi, wafumaji wa ukili na wasagaji wa nafaka wana maneno ya aina hii ambayo hayajaingia katika kamusi, na yanatofautiana kutoka lahaja hadi lahaja. Walimu na watumishi wa mikoani wanaoyasikia tunawaomba wayaandike pamoja na sentensi yalimotumika na jina la mahali, kisha watuletee, ili toleo lijalo la orodha hii lipimwe kwa mikono ya wenye kazi.